Transista Iliyofaa Sauti ya Mwalimu

Saa mbili asubuhi, Mama Risasi anavuta kiti, anashusha taa yenye shingo ndefu hadi karibu na pua yake, na kufungua mgongo wa redio ya mteja kwa bisibisi fupi kuliko kidole. Hagusi kitu ndani. Anaanza kwa kunusa.

"Haijaungua," anasema hatimaye. "Kilichoungua hakifichi. Hii inanuka vumbi tu."

Mwenye redio ni kinyozi wa duka la jirani. Anaeleza kwamba redio ilikwisha kupita mikononi mwa fundi mwingine, ambaye alitoa transista iliyokufa na kutia nyingine yenye nguvu ileile. Tangu siku hiyo redio haijatoa hata mkoromo.

Mama Risasi anaigeuza saketi chini ya taa na kuitazama kwa muda mrefu.

"Miguu," anasema. "Ametia transista nzima kabisa. Lakini mguu wa katikati wa hii si mguu wa katikati wa ile iliyotoka. Ni kama kumvalisha mtu kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia, halafu unamlaumu kwamba hajui kutembea."

"Kwa hiyo yule fundi hajui kazi?"

"Anajua. Alikuwa na haraka. Pengine na wewe ulimsimamia kichwani kama unavyonisimamia mimi."

Kinyozi anarudi nyuma. Kutoka kwenye benchi la mlangoni, mume wa Mama Risasi anacheka bila kugeuza uso.

"Mpe kiti, mama watoto. Huyo amezoea kusimama nyuma ya vichwa vya watu."

Jina la Mama Risasi alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu ya waya laini wa risasi ambao mafundi huuyeyusha ili kushikanisha vipande vya saketi. Wageni wanaolisikia kwa mara ya kwanza humjia kwa adabu nyingi kupita kiasi, wakidhani aliwahi kubeba silaha. Mumewe hawasahihishi. "Hawajakosea sana," husema.

Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba wanayoishi. Dirisha lina wavu uliotiwa viraka vya waya wa shaba. Ukutani zimening'inia spika zisizo na maboksi, na juu ya kabati zimepangwa trei za mayai, ila ndani yake hamna yai hata moja. Kila kishimo kina kifungu cha transista zilizong'olewa kwenye redio, chaja, feni na vitu vya kuchezea ambavyo wenyewe walivitupa.

Transista ni kipande cheusi kidogo kama punje ya hindi, chenye miguu mitatu. Kazi yake inaelezeka kwa urahisi: kwa kutumia umeme mdogo, huuamrisha umeme mkubwa. Inaweza kuufungulia na kuufungia njia, kama swichi ya taa. Inaweza pia kuukuza mtetemo dhaifu wa sauti mpaka ukatosha kusukuma spika. Ugumu unaanza pale mtu anapotakiwa kuichagua moja kati ya mamia.

"Za trei hii zina njaa," anafafanua Mama Risasi, huku akizipitisha ncha za vidole juu yake. "Lazima uzilishe mkondo kidogo kwenye mguu mmoja muda wote zinapofanya kazi. Ukikatiza, zinalala. Na zenyewe ni makundi mawili. Moja hufunguka ukilipa chanya, jingine hufunguka ukilipa hasi. Ukizichanganya, utakaa unasubiri mpaka uzeeke."

Anahamia trei ya pili. "Hizi hazina njaa. Unazionyesha volti tu, zinafungua njia. Ni nzuri kwa mota na chaja, lakini si kwa kila kazi."

Fundi mgeni, anasema, hutafuta jina lililoandikwa kwenye mgongo wa transista. Yeye hutanguliza maswali. Betri ni ya volti ngapi? Mkondo utakaopita ni mkubwa kiasi gani? Itakaa ndani ya boksi lisilopitisha hewa? Inatakiwa ikuze mara ngapi? Mpangilio wa miguu huutazama mwisho, na huutazama mara mbili.

Haya yote alifundishwa na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa redio kwa zaidi ya miaka thelathini kabla presha ya macho haijamfifishia nuru. Wakati huo Mama Risasi alikuwa mshoni. Kazi yake karakanani ilikuwa kushika taa tu, tena kwa kulalamika, maana cherehani ilimsubiri chumba cha pili.

Macho ya mumewe yalipofika mahali pa kutoona tena maandishi ya transista, waligundua tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mke aliyaona maandishi vizuri, ila hakujua kusoma.

"Mimi nilikuwa naona yote, sijui kitu," anakumbuka. "Yeye anajua yote, haoni kitu."

"Tukaungana, tukawa mtu mmoja na nusu," anadakia mumewe.

"Nusu ni nani?"

"Inategemea siku."

Basi wakabuni lugha yao. Mke alieleza umbo, mume akatamka jina lake. Fimbo yenye matumbo mawili ilikuwa B. Bata anayeogelea alikuwa mbili. Kiti kilichopinduliwa kilikuwa nne. Wateja waliopita mlangoni walizoea kuwasikia wakibishana kama bata huyo anatazama kulia au kushoto, na wengine waliamini kwamba nyumba ile ilikuwa inafuga.

Maisha yaliendelea hivyo, kwa wiki nzuri kazi kumi na mbili zikitoka mezani, kwa wiki mbaya tatu. Hata hivyo Mama Risasi alichoka kuuliza kila herufi. Miaka mitatu iliyopita alijiandikisha katika darasa la watu wazima, linalokutana mara mbili kwa wiki katika ukumbi ulio nyuma ya karakana ya seremala.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni na daftari lililofungwa ndani ya kitambaa, akitafuta kona ya kujificha. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito iliyotulia, alimwambia: "Keti popote, mama. Hapa hakuna mstari wa nyuma." Ukweli ni kwamba mstari wa nyuma ulikuwepo, na ndiko alikokwenda. Lakini neno lile alilishika.

Mwaka jana mwalimu huyo alipasuliwa uvimbe kooni. Alipona, ila sauti yake ilibaki chini, na daktari alimkataza asiipandishe. Ndugu zake wakamtafutia kipaza sauti cha kuvaa kiunoni, chenye maiki nyembamba inayozunguka shavu. Kwa chombo hicho aliweza tena kuishinda misumeno ya seremala na masikio mazito ya wanafunzi wake, ambao wengi wao ni akina mama na akina bibi.

Kipaza sauti kilinyamaza katikati ya muhula.

Mwalimu alijaribu kufundisha kwa ubao pekee. Aliandika sana na kwa mwandiko mzuri, lakini watu waliokaa mbele ya ubao huo walikuwa wamekuja kwa sababu hawajui kusoma yaliyoandikwa. Mstari wa nyuma ulianza kupungua, ukafuatiwa na wa katikati.

Ndipo akawaambia waliobaki kwamba mwezi ukiisha ataaga. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa kulishika darasa, na seremala alikwisha kuuomba ukumbi ule aufanye stoo ya mbao. Chombo kipya kilipaswa kuagizwa kutoka mbali, na mfuko wa darasa ulikuwa mwepesi.

Mama Risasi akainua mkono. "Mwalimu, nipe mimi nikakitazame."

Nyumbani alikifungua, akanusa, akapima kwa mita ya umeme. Spika ilikuwa nzima, vilevile betri na zile transista mbili kubwa za kusukuma spika. Iliyokufa ilikuwa moja tu, ndogo kuliko zote, inayopokea sauti kutoka kwenye maiki na kuikuza kwa mara ya kwanza. Jasho lilikuwa limeingia na kuila miguu yake.

Aliivuta taa ili asome jina lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, hakuhitaji kuuliza mtu. Akaitazama transista, akaigeuza, akaitazama tena. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Mtengenezaji alikuwa ameyakwangua maandishi ili watu wasiige kazi yake.

"Nimesoma miaka mitatu," akamwambia mumewe. "Nafungua, hakuna kilichoandikwa."

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. Mama Risasi anakiri kwamba siku hiyo alimnyima chai, ingawa si kwa muda mrefu.

Ilibidi achague kwa akili yake. Kwa kuwa njia za saketi zilimwonyesha wapi chanya na wapi hasi, alijua inahitajika ile ya kundi la njaa linalofunguka kwa chanya. Volti zilikuwa chache na mkondo mdogo, kwa hiyo karibu trei nzima ingefaa. Swali moja tu ndilo lilibaki: ikuze kiasi gani?

Alizipima moja moja, akachukua yenye kipimo kikubwa kuliko zote, iliyokuza zaidi ya mara mia saba. Aliilehemu kwa uangalifu wote, akakifuta chombo kwa kitambaa safi, akakipeleka darasani Jumatatu.

Mwalimu akakivaa na kufungua kinywa kusalimu. Spika ikapiga yowe. Alipoipunguza, yowe likageuka kuwa mchemko, kama mafuta kikaangoni. Kila neno lenye p lilipasuka. Maneno mengine yalitoka yamekatwa vichwa. Alipomeza mate, ukumbi mzima ulisikia.

"Mwalimu," akasema bibi mmoja wa mstari wa mbele, "sasa tunakusikia mpaka mate."

Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka pamoja nao. Halafu akakizima. Sehemu iliyobaki ya somo aliifundisha kwa mnong'ono, akitembea kutoka dawati hadi dawati. Mwisho wake alimrudishia Mama Risasi chombo kikiwa kimekunjiwa waya vizuri.

"Umejitahidi, mama," alimwambia. "Pengine ndiyo imetosha."

Alipofika nyumbani, mumewe aliusikia mwendo wake tu akajua.

"Ulimtilia ipi?"

"Yenye nguvu kuliko zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni Mwalimu."

Safari hii mume hakucheka. "Hata mimi ningefanya hivyohivyo," akasema.

Kesho yake Mama Risasi aliiwasha saketi na kugusisha sindano za mita kwenye miguu ya transista ile. Aliyoyakuta yalimweleza kila kitu. Kwa nguvu zake nyingi, transista ilikuwa imefunguka karibu yote hata kabla ya mtu kusema neno. Sauti hupanda na kushuka. Inahitaji nafasi juu na nafasi chini. Hapo nafasi haikuwepo.

"Nilimpa uwezo wa kupiga kelele," anasema, "nikamnyima nafasi ya kusema."

Aliing'oa. Mahali pake alilehemu kishikizo chenye matundu matatu, ili aweze kuchomeka transista na kuichomoa bila kuyeyusha risasi kila mara. Kisha akamtumia mwalimu ujumbe mfupi kwa simu, akiuandika mwenyewe herufi kwa herufi: aje Jumamosi alasiri, na aje na kitabu.

Mwalimu alikuja. Alikalishwa kwenye kiti cha cherehani, akavalishwa maiki, akaambiwa asome ukurasa wa kwanza wa kitabu cha darasa, ule ambao kila mwanafunzi wake anaujua kwa moyo: *Maji yanachemka. Mama anapika. Paka amelala.* Mume alikaa mkabala naye, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuwasaili waombaji kazi.

Ya kwanza kuchomekwa haikutoa sauti yoyote.

"Huyu amegoma," akasema mume.

"Hajagoma. Nimemtia mahali pasipo pake." Katika wasiwasi wake, Mama Risasi alikuwa ameokota moja kutoka kundi la hasi. Akaichomoa haraka, na mwalimu akajifanya hakuona.

Iliyofuata ilitoka trei ya zile zisizo na njaa. Ilikuwa safi, bila mchemko hata kidogo, ila sauti ilitoka ikiwa mbali.

"Nasikika kama niko ndani ya mtungi," akasema mwalimu.

"Mtungi wenye mfuniko," akaongeza mume.

Kisha mume mwenyewe akaomba ijaribiwe moja ya transista zake kuukuu, zenye vazi la bati, zilizotengenezwa kwa madini ya jermani kabla watengenezaji hawajahamia kwenye silikoni. Kwa kuwa nyingi za jermani zilikuwa za kundi la hasi, Mama Risasi alimtafutia moja adimu ya chanya kutoka kwenye kopo la kumbukumbu zake. Mwalimu akasoma. Sauti ikatoka laini, ya joto, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Mume akapiga makofi polepole.

"Hiyo. Hiyo imenirudisha kwenye redio ya ujana wangu."

"Hatuajiri ujana wako, Mzee," akasema mkewe. "Mwalimu anakivaa kiunoni mchana kutwa." Akakichukua chombo, akakiweka dirishani kwenye jua, akakaribisha chai. Chai ilipokwisha, mwalimu alisoma tena, na sauti ilikuwa imelegea na kuanza kukwaruza. Jermani huyumbishwa na joto. Mume alikubali kushindwa, ila alidai apewe transista yake aishike mkononi.

Zikabaki zile za kawaida, za silikoni, zilizokuza si kidogo wala si mno. Mama Risasi alizichomeka moja baada ya nyingine. Zilifanana kwa nje kama punje za gunzi moja, lakini hii ilitia mvumo, ile ilikata mwisho wa maneno. Mwalimu alisoma na kusoma.

"Paka huyu atachoka kulala," akasema.

"Msomee tu, Mwalimu, asiamke," akajibu mume.

Ndipo ikaingia moja iliyokuza kama mara mia mbili. *Maji yanachemka. Mama anapika. Paka amelala.* Mama Risasi, aliyekuwa ameinamia mita, akainua mkono.

"Soma tena."

Mwalimu akasoma tena. Mita ilionyesha transista imekaa katikati, na nafasi ipo juu na chini. Lakini Mama Risasi alikuwa ameacha kuitazama mita.

"Huyo," akasema.

"Una hakika? Mimi mwenyewe siwezi kujisikia vizuri."

"Mwalimu, mzee huyu hakukusikia zamani. Mimi nilikusikia. Hiyo ndiyo sauti iliyoniambia niketi popote."

Mwalimu alikigeuza kitabu mikononi. Kisha akauliza transista hiyo imetoka wapi.

"Kwenye gari la mtoto la kuchezea."

"Kwa hiyo nimehamia ndani ya gari."

"Lililokanyagwa," akafafanua mume.

Mama Risasi alikitoa kishikizo, akailehemu transista moja kwa moja, kisha akaipaka miguu yake rangi ya kucha isiyo na rangi ili jasho lisiifikie tena. Alipomaliza, mwalimu alisimama na kukifunga chombo kiunoni. Hakusema lolote kuhusu kuaga. Aliuliza tu kama Mama Risasi amefanya zoezi la wiki ile.

"Nilikuwa na kazi, Mwalimu."

"Kila mtu ana kazi. Lilete Jumatatu."

Habari zilienea mtaani kwa kasi yake ya kawaida. Mstari wa nyuma umejaa tena, na wiki iliyopita kulikuwa na benchi la ziada lililoazimwa kwa seremala huyohuyo aliyeutaka ukumbi. Mwezi uliisha, mwalimu yuko palepale.

Sasa Mama Risasi anajenga kipaza sauti cha pili, cha akiba. Hiki hakitengenezi bali anakiunda tangu mwanzo, akichagua kila transista mwenyewe: tulivu kwa upande wa maiki, na mbili kubwa za kusukuma spika, moja ya chanya na moja ya hasi, zenye vipimo vinavyolingana. Ameshapata ya chanya. Mwenzake anamtafuta bado, na anakataa kuweka yoyote mradi ipo. Anataka kikamilike kabla darasa jipya halijaanza.

Mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani wa kusoma na kuandika. Akifaulu, anasema, atapata jedwali kubwa la transista ambalo mumewe analitunza chini ya godoro, na atamsomea lote kwa sauti, bila bata na bila viti vilivyopinduliwa. Mumewe anasema atawakumbuka bata.

Jumatatu hii mwalimu anasoma imla. Misumeno inanguruma nyuma ya ukuta, na sauti yake inapita juu ya mngurumo huo bila haraka. Vichwa vyote vimeinama juu ya madaftari, isipokuwa kimoja kilichoinamia upande, sikio mbele.

Mwalimu anakuja hadi kwenye dawati lake. Ukurasa ni mweupe.

"Mama Risasi, unaisikiliza mashine au unanisikiliza mimi?"

"Mashine, Mwalimu."

"Na mimi je?"

"Wewe nakusikia."

Anarudia sentensi kwa ajili yake peke yake, polepole, na Mama Risasi anaandika. Baada ya somo anaulizwa kwa nini anahangaika na chombo cha pili ilhali cha kwanza kinafanya kazi vizuri. Anafunga daftari ndani ya kitambaa kabla ya kujibu.

"Nataka aache kufundisha siku atakayotaka mwenyewe," anasema. "Isiwe siku aliyochaguliwa na mashine."